Karatasi ya Zamu ya Pili

4 Machi

Chiriku,

Mama yako amekufa. Jana Jumanne, saa tatu asubuhi, wodini. Mapafu. Tunazika leo saa kumi. Umeme ulikatika mji mzima jana alfajiri na minara ya simu ikazima. Umeme umerudi, simu bado. Ndiyo maana naandika. Barua nampa dereva wa basi la mchana, anakufahamu, atakuletea mpaka getini kwenu.

Hakuteseka sana. Nilikuwa nimemshika mkono.

Usije mbio. Hutamkuta juu ya ardhi. Njoo taratibu.

Baba yako


11 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefika salama. Njia nzima nilikuwa nafikiria zile siku tatu nilizokaa nyumbani. Wewe ulitengeneza kigoda ambacho hakikuwa kimevunjika, mimi nikasugua masufuria yaliyokuwa safi. Wageni walipoondoka tukabaki wawili, ukaniuliza kama chai ina sukari, nikasema inayo. Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Kuna kitu nilitaka kuuliza nikashindwa. Umeme ulikatika saa ngapi hasa? Ulirudi saa ngapi? Na hospitali si ina jenereta? Nauliza tu, Baba. Huku kazini siku ile hakukuwa na jambo kubwa.

Nimepiga simu ya Mama mara nyingi, haipatikani. Iwashe basi uitumie, wewe huna yako, tuwe tunaongea.

Mwanao,
Chiriku


14 Machi

Marahaba.

Maswali mengi kama polisi. Umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri. Jenereta iliwaka, ikakohoa, ikazima saa mbili na nusu. Kwa nini ilizima, muulize mwenye jenereta. Umeme ulirudi saa nane mchana. Mama yako aliumwa miezi saba. Ni mapafu. Siyo umeme.

Simu yake nimeiweka kwenye sanduku la nguo zake. Siiwashi. Ikilia nitadhani anaitwa yeye. Halafu kwenye simu wewe unalia, mimi nakata. Andika.

Nyapara kaniambia nipumzike mpaka tarehe kumi na sita. Ni yule yule tunayemwita Kofia. Hata msibani hakuivua, watu walikuwa wanamtazama yeye badala ya jeneza.

Sasa nikuulize na mimi. Miaka mitatu uko hapo, kazi yako siielewi vizuri. Niandikie. Mtu akikaa kwenye kiti chako anafanya nini? Niandikie siku ile ulifanya nini.

Baba yako


17 Machi

Baba, shikamoo.

Nimechana karatasi nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Kazi yangu ni kuangalia jua. Jua lina madoa, na doa likikasirika linatema wingu. Wingu hilo ni moto na sumaku vimechanganyika, kubwa kuliko dunia mara nyingi, na linasafiri kuja huku siku mbili, tatu, au nne. Likitupiga, umeme usiotakiwa unaingia kwenye nyaya ndefu za gridi na kuchemsha transfoma. Sisi tunaona wingu likitoka. Tunapima kasi yake, upana wake na linakoelekea. Tunaingiza hizo namba kwenye kompyuta, nayo inaukokotoa upepo wote wa jua kutoka kule mpaka hapa, halafu inatuambia wingu litafika saa ngapi. Tunaandika karatasi, tunaituma kwenye vituo vya umeme kama chenu. Mkijua mapema, mnapunguza mzigo na hamgusi mitambo.

Jumapili ile nilikuwa zamu ya pili. Doa moja lilitema mara mbili. Kwanza kijiwingu chembamba, hakina hata sura. Saa tisa baadaye, wingu kubwa. Kompyuta inachukua muda mrefu sana kukokotoa mawili kwa pamoja, na nilitaka kumkabidhi mwenzangu wa zamu ya tatu kazi iliyokamilika. Kile kidogo kilikuwa kinapita pembeni. Nikakifuta. Nikaingiza lile kubwa peke yake.

Kompyuta ikasema Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, tena likiwa limechoka. Nikaandika: shwari mpaka Jumanne usiku.

Lilifika Jumanne saa kumi na moja alfajiri, Baba. Saa ile ile mliyokatikiwa umeme. Siku nzima na saa moja kabla ya nilivyoandika.

Nilijua nikiwa bado kwenye basi nakuja msibani. Nilikaa mbele yako siku tatu na nilijua. Mashine ya Mama ya kupumulia ilikuwa inakunywa umeme. Ningekiacha kile kijiwingu, pengine.

Sijui niandike nini tena.

Chiriku


22 Machi

Baba, shikamoo.

Hujajibu. Dereva anasema alikukabidhi barua mkononi na ukaiweka mfukoni bila kuifungua. Nakuelewa. Sitakusumbua, isipokuwa kwa jambo moja ambalo haliwezi kungoja hasira iishe.

Jua linajizungusha. Doa likituelekea leo, baada ya wiki moja linazama upande wa pili, na siku ishirini na saba zikitimia linatutazama tena usoni. Lile doa la Mama limerudi. Jana limechungulia kwenye ukingo wa mashariki. Nilitegemea limekufa huko nyuma. Limenona. Kuanzia tarehe ishirini na saba mpaka thelathini litakuwa limetukabili.

Mkuu wangu ameniondoa kwenye kusaini karatasi. Nakaa kwenye kiti changu, kompyuta ninayo, lakini ninachokokotoa hakitoki nje. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye droo. Nangoja doa lipite ndiyo niitoe.

Niambie tu kitu kimoja: je, kituoni kwenu kuna kazi yoyote kwenye transfoma tarehe hizo?

Chiriku


24 Machi

Chiriku,

Barua yako nilikaa nayo siku tano. Niliisoma siku ya kwanza. Dereva mmbea, niliifungulia chooni.

Nilijua. Nilijua kabla hatujazika. Karatasi yenu inakuja kila Jumatatu, Kofia anaibandika ubaoni juu ya glavu. Kwa chini inaandikwa zamu. Zamu ya pili ni wewe, uliniambia mwenyewe. Nilikuwa najivuna nayo. Naonyesha wenzangu, hii mwanangu kaandika, nao wananiita Baba Jua. Ikibanduliwa naichukua, mama yako anaitandika kwenye rafu ya vyombo. Ulipokuja uliikuta rafu tupu, ukauliza, nikasema mende. Siyo mende. Nilizichoma zote.

Siku tatu nilikuwa nangoja useme. Ndiyo nikatengeneza kigoda.

Sasa sikia yangu. Nilikudanganya. Sikumshika mkono.

Kituo kina transfoma mbili, ya kushoto na ya kulia. Jumatatu ile karatasi yako ilisema shwari. Injinia akasema vizuri, tumwage mafuta ya kushoto tubadilishe gasketi, mpaka Jumanne jioni yamerudi. Anayefungua valvu ni mimi. Spana ile kubwa ninayo mimi miaka kumi na tisa, hashiki mwingine. Nikafungua. Mafuta yakaingia kwenye mapipa. Ikabaki ya kulia peke yake inabeba mji.

Usiku nilikuwa wodini. Saa kumi na moja taa zikazima, mashine zikalia, jenereta ikawaka. Saa kumi na mbili kasoro Kofia akaja na gari. Ya kulia imechemka imejizima, kilichobaki ni kurudisha mafuta kwenye ya kushoto, haraka. Mama yako alikuwa macho. Nikamwambia naenda kurudisha taa. Akanipungia mkono hivi, kama anafukuza nzi. Nikaenda.

Saa tatu nilikuwa nimeshika valvu. Muuguzi ndiye alimshika mkono. Jenereta ilipozima kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa watatu. Niliambiwa saa nane, taa zilipowaka. Watu walipiga makofi kituoni. Na mimi nilipiga. Ndipo akaja mtu mlangoni.

Basi hiyo ndiyo yangu.

Kuhusu wingu lako. Tunapofyeka chini ya nyaya tunakwenda wawili wawili. Wa mbele anafyeka, hata akiwa kidude chembamba, majani yanalala. Wa nyuma anatembea tu, ndiye anafika kwanza kwenye chai. Tunagombania kuwa wa nyuma. Wewe ulimfuta wa mbele halafu ukampigia hesabu wa nyuma kama anafyeka mwenyewe. Ungeniuliza ningekuambia, na sikumaliza darasa la tano.

Nimekasirika. Na wewe na mimi. Sijui itaisha lini. Ila hiyo barua ya kwenye droo ichane. Ukitoka hapo atakaa mtu ambaye hajawahi kukosea, na huyo simwamini kabisa.

Umeuliza kazi. Ipo. Ya kulia ilipochemka ilianza kuvuja. Jumatatu tarehe thelathini tunaimwaga. Nafungua mimi. Mafuta yakishatoka hayarudi kabla ya siku mbili, safari hii injinia hataki haraka. Nimepita wodini kuhesabu. Kuna sita kwenye mashine. Jenereta ni ile ile.

Baba yako


28 Machi, Jumamosi, saa nne asubuhi

Baba,

Salamu baadaye, dereva anangoja getini injini inawaka.

Doa limetema leo alfajiri. Mara mbili tena. La kwanza jembamba, la pili kubwa. Safari hii sikufuta kitu. Nimeyaingiza yote mawili, wa mbele afyeke, wa nyuma atembee. Kompyuta imekokotoa tangu saa kumi na moja. Imeniambia Jumatatu, kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku.

Mkuu anasema litapita pembeni. Karatasi ya Jumatatu itaandikwa "uwezekano mdogo", na zamu ya kwanza ndiyo itasaini. Nimembishia mpaka watu wakasimama mlangoni. Akaniambia kwa upole kabisa, mwenye msiba apumzike. Nimempigia Kofia. Akasema taarifa zinapitia kwa injinia. Injinia hapokei mpaka Jumatatu.

Nikuambie na upande wa pili, nisikufiche tena kitu. Naweza kukosea. Na hata lisipopita pembeni, kuna sumaku yake. Ikielekea kusini, mlango wa dunia unafunguka na umeme unaingia kwenye nyaya. Ikielekea kaskazini, mlango unabaki umefungwa, linapita tu. Hilo hatulijui mpaka limebakiza chini ya saa moja. Hakuna hesabu ya kulijua kabla.

Sikuambii ufanye nini. Spana ni yako.

Chiriku


30 Machi, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Chiriku,

Barua nimeipata jana. Nimemsomea mama yako kaburini. Hakusema kitu, kama kawaida yake akiwa ameshaamua.

Mimi leo sifungui.

Baba yako


31 Machi

Baba, shikamoo.

Sijui uko wapi ninapoandika haya. Sijui kama bado una kazi.

Lilitupiga. Halikupita pembeni. Jana saa kumi na dakika ishirini jioni, ndani ya saa nilizokuandikia. Setilaiti ilipolishika, watu wote walikuja mezani kwa mkuu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mkuu. Sote tunangoja mstari mmoja kwenye skrini, ushuke au upande. Ukishuka ni kusini. Nilikuwa nahesabu wale sita wako.

Ukapanda, Baba. Kaskazini. Ukakaa huko mpaka asubuhi. Mlango haukufunguka. Hakuna nyaya zilizochemka, hakuna hata taa moja iliyopepesa mahali popote. Mngeweza kumwaga mafuta yote na kuoga nayo.

Mkuu aligeuka. Akasema saa umeipata. Akaenda kunywa maji. Leo asubuhi nimekuta jina langu limerudishwa kwenye ratiba, bila maelezo. Nimelitazama tu. Mimi nimerudishiwa kiti, na wewe nimekufanya mtu wa kuchekwa kwa jambo ambalo halikutokea. Sitaki kusaini karatasi nyingine ambayo itabandikwa juu ya glavu zako. Barua bado iko kwenye droo. Sikuichana.

Niambie wamekufanya nini.

Chiriku


1 Aprili

Chiriku,

Hawajanifanya kitu. Nilikaa.

Ilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi tumevaa glavu, karatasi iko ubaoni, uwezekano mdogo. Kofia akasema twende. Nikaweka spana chini, nikaikalia. Akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi, leo hii haifunguliwi. Akaniuliza kwani jua limenipigia simu? Nikasema limeandika barua. Wenzangu walicheka, mmoja akataka kujua kama imebandikwa stempu. Nikacheka na mimi. Sikuinuka.

Kofia akasema atatafuta spana nyingine. Hakuna nyingine, anajua. Akavua kofia. Miaka yote hiyo ndiyo kwanza nimeona kichwa chake, hakina kitu, kinang'aa. Akaniambia taratibu, "Mzee, nakuomba. Nikiandika umekataa kazi, siwezi kufuta."

Nikamwambia, "Andika. Safari ile nilifungua, nikamwacha mke wangu. Safari hii niache nikosee nikiwa nimekaa."

Hakuandika. Alikaa kwenye pipa jirani yangu mpaka injinia akaja saa tano.

Injinia nilimweleza wa mbele na wa nyuma. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikasema porini. Akasoma barua yako yote, amesimama, hata pale ulipomtaja hapokei simu. Akasema hawezi kusogeza kazi kwa barua ya binti wa mtu. Kisha akasogeza. Alhamisi. Na mimi akanipa siku tatu za kukaa nyumbani, kwa utovu wa nidhamu. Alisaini vyote viwili kwa kalamu moja.

Sikwenda nyumbani. Nilienda wodini, nikakaa kwenye benchi la korido. Kuanzia saa nane mpaka saa mbili, kama ulivyosema. Kutoka pale unaona taa ya kijani ya mashine ya kitanda cha pili. Nikaitazama ile. Saa kumi ilipita, bado inawaka. Saa kumi na mbili, bado inawaka. Nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye lori linaloteremka.

Muuguzi yule akanikuta. Yule aliyemshika mama yako. Siku zote nilikuwa namkwepa. Akaketi. Nikamuuliza alisema nini mwishoni. Akasema jenereta ilipozima watu walianza kupiga kelele, na mama yako akawaambia kwa sauti ndogo, "Tulieni. Mume wangu yuko huko. Zinarudi."

Zilirudi saa nane. Yeye aliondoka saa tatu.

Muuguzi akaondoka. Mimi nikabaki mpaka saa mbili. Halafu nikatembea nyumbani, taa za njia nzima zinawaka.

Sasa unasema umenifanya nichekwe. Wamenicheka, kweli. Jina Baba Jua limerudi kwa nguvu. Jana wawili walipita nyumbani kuniuliza kama waanike nguo. Lakini uliniambia saa, na saa ikawa ile. Uliniambia mlango unaweza kufungwa, na ulikuwa umefungwa. Hukunificha upande wowote. Nitakalia spana tena ukiniandikia hivyo. Nitaikalia mara kumi, hata mara tisa mlango uwe umefungwa.

Leo mchana nimepita kituoni, getini tu, adhabu yangu haijaisha. Kofia amenitolea nje karatasi mpya, ya nyongeza katikati ya wiki, sikumwomba. Inasema doa linazama, shwari mpaka Jumamosi. Kwa chini imeandikwa zamu ya pili.

Basi umekaa kwenye kiti chako. Umeiandika jana hiyo hiyo, baada ya kuniambia hutaki. Barua yako na karatasi yako zimefika kwa basi moja.

Nimeisoma mara mbili. Nimeitandika kwenye rafu ya vyombo.

Ya kulia tunaimwaga asubuhi. Spana nimeshaifuta grisi.

Kesho narudi kazini.

Baba yako